Mnyonge Mnyongeni: Sifa za Mvuta Bangi Mpenda Sinema za Vioja

Mabingwa wa mpira wamesifiwa, maharusi wamesifiwa, na wabunge hujisifu wenyewe kila uchaguzi unapokaribia. Amebaki mmoja ambaye hakuna malenga aliyemtungia hata kibwagizo: yule bwana wa kwenye kochi, macho mekundu, bakuli la bisi mapajani, anayeitazama kwa mara nyingine filamu ambayo hata waigizaji wake wangependa isahaulike. Mama yake anamlilia. Mwenye nyumba anamdai. Katika nchi nyingi polisi nao wanamtafuta. Wahenga, hata hivyo, walituachia wasia kwamba mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, na mimi nimejitolea kumtafutia haki hiyo. Kumnyonga tayari wapo wa kutosha wanaokushughulikia.

Sifa za mtu mkubwa huanza na nasaba. Nasaba ya huyu, asiyeamini na aamini, inapitia kanisani. Mwaka 1936 huko Marekani ilitengenezwa filamu iliyoitwa Tell Your Children, iliyoongozwa na Louis Gasnier, na inasemekana fedha zake zilitolewa na waumini waliotaka kuwatahadharisha wazazi juu ya bangi. Humo ndani vijana wenye adabu zao wanavuta pafu moja au mawili na dunia inageuka. Mmoja anaua. Mwingine anaruka dirishani. Wa tatu anaamrisha piano ipigwe kwa kasi zaidi, na zaidi tena, mpaka anaishia hospitali ya wagonjwa wa akili. Mfanyabiashara Dwain Esper akaichukua, akaikatakata, akaizungusha kwenye kumbi za uchochoroni, na jina lililobaki vinywani mwa watu ni Reefer Madness. Kisha ikafa kifo cha filamu nyingi: ikawekwa kabatini.

Aliyeifufua hakuwa mchungaji. Mwaka 1972 mwanasheria Keith Stroup, aliyekuwa ameanzisha miaka miwili nyuma chama cha NORML cha kutetea wavutaji, aliikuta katika Maktaba ya Bunge la Marekani, akanunua nakala kwa dola 297, akaanza kuionyesha vyuoni. Haki za filamu hiyo zilikuwa zimeshapotea, kwa hiyo hapakuwa na wa kulipwa. Wanafunzi waliingia ukumbini na misokoto yao, wakacheka mpaka mbavu zikawauma, na kiingilio walichotoa kikaenda kwenye kampeni ya kuhalalisha bangi. Mahubiri yamegeuka kuwa sadaka ya mwenye dhambi! Kampuni changa iliyosaidia kuisambaza, New Line Cinema, ilikuwa imeanzia kwenye makazi ya mwanzilishi wake, Robert Shaye. Kampuni hiyohiyo ndiyo iliyokuja kutuletea The Lord of the Rings. Niambieni ni mfalme gani mwenye nasaba inayotoka madhabahuni, ikapitia moshini, ikafika mpaka kwenye tuzo za Oscar.

Tukiacha nasaba, tuje kwenye fadhila. Ya kwanza ni subira.

Desemba 1970 mwendesha ukumbi aitwaye Ben Barenholtz alianza kuonyesha, saa sita za usiku, filamu iitwayo El Topo katika ukumbi wa Elgin jijini New York. Mwongozaji wake, Alejandro Jodorowsky wa Chile, aliitengenezea Mexico. Steringi ni mpiga bunduki mwenye mavazi meusi, amepanda farasi jangwani pamoja na mtoto aliye uchi. Baada ya hapo wanakuja mabingwa wa bastola wanaozungumza kama masufii, mtu asiye na mikono aliyembeba asiye na miguu, damu, nyuki, na mambo ambayo gazeti hili haliwezi kuyaeleza mbele ya watoto. Mtu mwenye akili timamu, zikipita dakika kumi, humgeukia jirani na kuuliza: hii inahusu nini? Swali hilo limeua filamu nyingi kuliko moto. Watazamaji wa Elgin hawakuuliza. Walivuta, wakapitishiana, wakaangalia, na usiku uliofuata wakarudi pamoja na rafiki zao ambao nao hawakuuliza. Filamu ikaendelea hivyo kwa miezi, bila tangazo la maana, kwa maneno ya mdomoni tu, mpaka John Lennon akapendezwa nayo na kumshawishi meneja wake ainunue.

Huo ndio ulikuwa mwanzo wa sinema za saa sita usiku. Nyuma yake wakaja Pink Flamingos ya John Waters, The Harder They Come ya Jamaica ikiwa na Jimmy Cliff, The Rocky Horror Picture Show, na Eraserhead ya David Lynch, ambayo ilichukua takriban miaka mitano kutengenezwa na huhitaji karibu subira hiyohiyo kutazamwa. Mtazamaji wetu anayo. Kazini walimfukuza kwa sababu ya fadhila hii. Hapa ukumbini ndiyo inayompa cheo.

Fadhila ya pili ni rehema, na ushahidi wake ni Plan 9 from Outer Space. Hapa tena kanisa linaingia. Ed Wood, mtu mwenye ndoto kubwa na mfuko mtupu, aliwaendea Wabaptisti wa Beverly Hills, nao wakamfadhili filamu kuhusu viumbe kutoka anga za mbali wanaofufua maiti. Nyota wake, Bela Lugosi, alifariki Agosti 1956, akiwa ameacha vipande vichache tu vya picha visivyo na hadithi. Mwingine angesimamisha kazi. Wood alimchukua mtaalamu wa kunyoosha mgongo aliyekuwa akimtibu mke wake, mtu mrefu kuliko marehemu na asiyefanana naye hata kidogo, akamwambia apite huku na huko akijifunika uso kwa joho. Makaburi ya filamu hiyo hutikisika mtu akiyapitia karibu. Gari linaondoka mchana na kufika usiku, kisha mchana tena, katika safari moja fupi.

Wood alikufa fukara mwaka 1978. Mwaka 1980 kitabu kimoja cha mizaha kikamtunukia taji la mwongozaji mbaya kuliko wote na filamu yake taji la mbaya kuliko zote. Mkosoaji huliona kaburi likitikisika na kucheka kwa dharau. Mvuta bangi huliona likitikisika na kunyamaza kidogo, kwa sababu hana hakika kama linalotikisika ni kaburi au ni yeye. Katika unyamavu huo, ndugu zangu, mna huruma ambayo wengine tumefunga na kuomba miaka mingi bila kuipata. Ni yeye na wenzake wa usiku waliompa Ed Wood kile alichokitafuta maisha yake yote, yaani watu waliokaa mpaka mwisho wa filamu.

Rehema hiyo haikukauka. Mwaka 2003 Tommy Wiseau alitoa The Room, filamu inayosemekana kula dola milioni 6 na ambayo wiki zake mbili za kwanza Los Angeles zilileta kiasi cha dola 1,800. Kwa hesabu yoyote ya biashara hiyo ni maiti. Lakini wapo walioona kwamba sebuleni mwa steringi kuna picha ya kijiko iliyotiwa fremu, bila maelezo, bila sababu. Wakaanza kwenda ukumbini na vijiko vya plastiki, kila picha ile ikitokea wanavirusha. Sisemi kwamba wote waliorusha vijiko walikuwa wamevuta. Nasema tu kwamba wazo la kwanza la kurusha kijiko halikutoka kwa mtu aliyetoka kunywa maziwa.

Fadhila ya tatu ni ile ambayo madaktari wanaiita dosari. Bangi hudhoofisha kumbukumbu ya muda mfupi. Hilo limeandikwa vitabuni na kuthibitishwa na kila aliyewahi kumtuma mvutaji dukani. Lakini tazameni faida yake kwa uchumi wa nyumbani. Sisi wengine kila wiki tunatafuta filamu mpya, tunalipia kifurushi, tunalalamika kwamba hakuna cha kutazama. Yeye anayo The Big Lebowski, ya mwaka 1998, na humshangaza kila mara. Ndugu wawili, Joel na Ethan Coen, waliichukua hadithi ya upelelezi yenye vichochoro vingi na kumkabidhi mvuta bangi wa Los Angeles anayetaka kitu kimoja tu: afidiwe zulia lake lililokojolewa. Anatumwa kupeleka fedha za kumkomboa mke wa tajiri. Mwishowe inaonekana mke hakutekwa, fedha hazikuwamo, na zulia halikurudi. Filamu iliingia kumbini bila kishindo. Miaka minne baadaye mashabiki wake walikusanyika Louisville, Kentucky, wamevaa kanzu za kuogea, wakaifanyia sherehe.

Kwetu kwenye kibanda umiza, ukumbi wa video wa mtaani, kila mtoto anajua kanuni: steringi hafi. Marekani walikuja na kanuni ya pili: steringi hafanyi. Ni mtazamaji mmoja tu aliyemtambua papo hapo kama shujaa, akajiona kwenye kioo.

Na kwa kuwa nimekitaja kibanda umiza, tusimwache mwenzetu upande huu wa bahari akose ushahidi wake. Waliokulia Tanzania wanamkumbuka Lufufu, na Kenya wanaye DJ Afro: watu walioichukua filamu ya kigeni, wakazima heshima yake yote, wakaisimulia upya kwa Kiswahili na kuwapa wahusika majina, madeni na tabia za mtaani. Uganda kuna mafundi wa namna hiyo, na kule Wakaliga, Kampala, Isaac Nabwana alikwenda mbali zaidi. Mwaka 2010 alitoa Who Killed Captain Alex?, filamu ya kivita yenye bunduki za kuundwa kwa vyuma chakavu na helikopta za kompyuta, iliyotengenezwa kwa fedha zisizotosha kununua simu nzuri, huku VJ Emmie akipiga kelele juu yake tangu mwanzo hadi mwisho. Nani waliipokea ng'ambo kwa shangwe? Walewale wa saa sita usiku. Mmoja wao, Alan Hofmanis wa New York, aliondoka kwao akahamia Wakaliga. Balozi zetu na maonyesho yao ya utalii wamewahi kumvuta nani kwa nguvu hizo?

Najua wapinzani wameshanyoosha mikono. Watasema mtu huyu ni mvivu. Kweli. Watasema ananuka, anamaliza chakula cha wenziwe usiku wa manane, na ana wazo la filamu yake mwenyewe ambalo amelisimulia kwa kila mtu isipokuwa karatasi. Kweli tupu. Watasema mapafu yake hayamshukuru. Kweli pia, na mapafu hayatazami sinema. Watasema, na hili lina uchungu zaidi, kwamba kucheka na msokoto kochini ni anasa ya wenye kochi. Jimboni California leo unanunuliwa dukani na kupewa risiti. Kijana wa Manzese au Mathare akikutwa na huohuo anapandishwa karandinga, na filamu anayoingizwa haina kicheko.

Hata kwao Marekani mambo hayakuwa laini. Mwaka 1978 Cheech Marin na Tommy Chong walitoa Up in Smoke, ambamo wanaendesha gari lililoundwa kwa bangi tupu bila wao kujua. Wakosoaji wengi waliinunia. Watazamaji wakailetea zaidi ya dola milioni 40. Mwaka 2003 serikali kuu ya Marekani ilimhukumu Chong kifungo cha miezi tisa kwa biashara ya viko vya kuvutia. Mwaka 2024 Maktaba ya Bunge ya serikali hiyohiyo ikaiingiza Up in Smoke kwenye orodha ya taifa ya filamu zinazostahili kuhifadhiwa milele. Mkono mmoja ulifunga mlango wa jela, mwingine ukafungua mlango wa makumbusho, na mwili ukajifanya hauijui mikono yake.

Sasa isomeni vizuri orodha hiyo, maana ndimo ilimo hoja yangu. Kila mwaka huingizwa filamu 25, na hakuna inayopokelewa kabla ya kutimiza miaka 10. Eraserhead iliingia 2004. Rocky Horror, 2005. The Big Lebowski, 2014. Pink Flamingos, ambayo katika miji mingi ingemtia mwonyeshaji wake matatani, 2021. Moja baada ya nyingine, wasomi wa taifa wamepita palepale alipopita mtu mwenye macho mekundu, wakaokota alichokiacha, wakakifuta vumbi na kukiita urithi. Wao walihitaji kamati, vikao na miongo. Yeye alihitaji kiberiti.

Nani anajua kilichompa jicho hilo? Wapenzi wake watasema ni mmea. Mimi nadhani ni kwamba alikuwa mtu pekee ukumbini asiyekuwa na haraka ya kuonekana mwerevu. Mwerevu huondoka mapema ili watu waone kwamba hakupendezwa. Huyu alishindwa kuinuka kitini, basi akaona mwisho.

Kwa hiyo, ukimsikia jirani akicheka peke yake saa tisa za usiku, usigonge ukuta. Muulize jina la filamu na uliandike mahali. Baada ya miaka 20 utatozwa kiingilio kwenda kuitazama katika ukumbi wa kitaifa, umevaa tai, na profesa atakuwa amesimama mbele akikueleza ni wapi pa kucheka.