Namna ya Kukipigia Debe Kitabu Ambacho Hujakisoma

Kila bweni lina mtu mmoja ambaye kila anayetafuta hadithi ya majini, mazimwi au mashujaa wanaoruka humwendea yeye. Hukaa kitanda cha juu cha dabo deka, miguu inaning'inia, anagawa majina ya vitabu kama mganga anayegawa hirizi. Unataka kuwa yeye. Usiogope, si lazima usome. Mimi ningevisoma vyote ninavyovisifu, muda wa kuvisifu ningeutoa wapi? Sogea karibu, mdogo wangu.

1. Chagua kwa uzito. Kitabu cha tano cha Harry Potter ndicho kinene kuliko vyote saba: kina sura 38, na ukikibana kwapani mstarini hata kiranja atakusalimia kwanza. Kivalishe kava la gazeti kama daftari la Hisabati, ila mgongo uache wazi, jina lisomeke. Kunja pembe za kurasa tatu, moja iwe karibu na mwisho. Dondoshea chai mahali fulani katikati. Doa moja la chai linasema mengi kuliko wiki nzima ya kusoma.

Kitabu chembamba kiogope. Nagona ya Kezilahabi haifiki kurasa mia, na wapo watu wazima wenye digrii waliotoka humo wakiulizia njia. Tena kitabu chembamba watu hukimaliza, na aliyekimaliza huja na maswali.

2. Jua jambo moja ambalo halimo kitabuni. Moja tu linatosha. Likitajwa jina la The Lord of the Rings, usiguse habari za pete wala za wachawi. Tazama dirishani, useme taratibu: "Unajua Tolkien alizaliwa Bloemfontein, Afrika Kusini, mwaka 1892?" Ni kweli kabisa. Kimya kitatanda. Kwamba aliondoka huko akiwa mtoto wa miaka mitatu, hilo waachie wenye wivu waliseme.

Akitajwa Nnedi Okorafor, sema riwaya yake Binti ilitoka mwaka 2015 ikazoa tuzo za Hugo na Nebula, "na jina lenyewe Kiswahili kitupu." Kisha tabasamu, kana kwamba alikupigia simu kuomba ruhusa. Akitokea mkorofi wa kuuliza inahusu nini, mjibu kwamba msichana wa Kihimba anatoroka kwao kwenda kusoma chuo kikuu cha sayari nyingine, huku yeye muulizaji hata prepu inamshinda. Hataendelea.

3. Filamu ni njia ya mkato, lakini ina mashimo. Banda umiza lipo, saa mbili zinatosha kukumalizia kurasa mia tano, na mtafsiri anakuwekea kila kitu kwa Kiswahili cha mtaani. Tatizo ni huyo huyo mtafsiri. Mtamu mno. Mimi niliwahi kulieleza darasa zima, kwa kujiamini kote nilikojaliwa, kwamba ugomvi wa shujaa na joka ulianzia kwenye kodi ya nyumba ya miezi sita. Mwandishi hakuandika hivyo. Nilichekwa mpaka muhula ukaisha, na hadi leo wapo wanaoniita Baba Mwenye Nyumba.

4. Manga: ijue kwanza namna ya kuishika. Katuni za Kijapani husomwa kutoka kulia kwenda kushoto, kwa hiyo unaanzia upande ule ambao wengine tunauita mwisho. Ukifungua upande usio wake mbele za watu, umeumbuka. Waliolelewa chuoni na juzuu mikononi hawapati shida. Kwao kitabu huanzia huko huko, na wanatucheka sisi.

Sasa chagua kwa akili. Naruto iliisha mwaka 2014 na ina juzuu 72. Hiyo hatari, maana wapo waliofika mwisho. One Piece ndiyo ngao yako: ilianza 1997, imevuka juzuu mia, na bado ipo njiani. Mtu akirudi kulalamika kwamba haoni utamu, muulize amefika wapi. Akisema juzuu ya kumi, guna. "Ee bwana, wewe hujaanza. Inakolea ya arobaini." Akifika ya arobaini, mwambie sitini. Kufikia hapo mtakuwa mmeshamaliza shule, kila mtu kwao.

5. Mjuaji wa kusema Kiswahili hakina hadithi za namna hii hakosekani. Mshukuru kimoyomoyo, ujiko wako uko hapo. Mtajie Kusadikika ya Shaaban Robert, ya 1951, nchi inayoelea angani. Mtajie Walenisi ya Katama Mkangi: mtu anahukumiwa kifo, anafungiwa ndani ya chombo cha angani, anaishia kwenye sayari nyingine. Walenisi ni kitabu chenye huruma kwa watu kama sisi, kwani ukilitamka jina lake polepole umeshapata nusu ya siri.

Ila kuna Adili na Nduguze, na hapa nakiri kosa. Nilikifungua nipate kurasa mbili za kujidai nazo. Nikamkuta liwali mwenye heshima zake ambaye kila usiku huwacharaza viboko manyani wawili, na manyani hao ni ndugu zake wa damu. Ungelala? Nilikimalizia chini ya blanketi kwa tochi ya kuazima. Tangu siku hiyo nikiulizwa habari zake nababaika, naanza "inategemea", "sehemu ile labda", "hebu ngoja". Kusoma kweli huondoa kujiamini. Jihadhari.

6. Kariri sentensi mbili. Ya kwanza: "Sitaki kukumalizia uhondo." Hii ni kufuli, hakuna swali linalopita. Ya pili: "Hiki si cha kila mtu, lakini wewe nakuona utakielewa." Aliyeambiwa hivyo hatathubutu kusema kilimchosha. Atakisifu kwa wenzake, na baadhi yao nao hawatakisoma. Ndivyo ukoo wetu unavyokua.

7. Atakayerudi. Huyu sikufichi, ndiye mtihani wenyewe. Ni mtoto wa kidato cha kwanza, Jumamosi usiku, macho mekundu, kitabu kifuani. "Shikamoo kaka. Kwa nini alimwacha peke yake kule pangoni?"

Nani alimwacha nani? Hujui. Usitoe jasho. Kunja mikono, muulize kama mwalimu: "Wewe unaonaje?" Hapo atapanda kitandani kwako na kuanza tangu mwanzo: mlango, pango, yule mzee, ahadi aliyoivunja. Wewe itikia kwa kichwa tu. Ukijikuta umesema "ehe, halafu?" kohoa haraka, umwambie ulikuwa unampima.

Taa zikizimwa kabla hajafika mwisho, mwambie akapumzike. Kitabu akiache hapo, unataka kukikagua kama hakuchana kurasa. Na tochi yake aiache pia.