Beberu wa Mabua na Mbuzi Wangu wa Karatasi

Shangazi, shikamoo. Na nyote mliokaa hapo barazani Ngamiani mkisomewa barua hii, salaam aleikum. Wewe unayesoma, paza sauti na usiruke mistari. Najua huwa unaruka pale ninapomtaja Mjomba.

Mimi mzima, ila jua limetukimbia. Hapa Gävle, Sweden, mwezi huu wa Desemba, linachomoza kama saa tatu asubuhi, linachungulia kidogo juu ya mapaa, na kabla ya saa tisa alasiri limekwenda zake. Wenyeji hawalalamiki, wanawasha taa. Kila dirisha, liwe la benki au la kinyozi, lina kinara cha taa saba na nyota ya karatasi inayoning'inia. Mgeni akipita usiku atadhani kila nyumba ina harusi na yeye tu ndiye hakualikwa. Hakuna harusi. Wanalipiga giza vita, na kwa kuwa umeme wao haukatiki, wanashinda.

Mji wenyewe ni mdogo: uko kilomita kama 170 kaskazini mwa Stockholm, na watu wake ni laki moja hivi, ukihesabu na wa vijijini. Una bandari kama Tanga, na una kiwanda cha kukaanga kahawa. Lakini sifa yake duniani si bandari wala kahawa. Ni mbuzi.

Nasema kweli. Zamani za babu zao, kabla Baba Krismasi hajashika kazi, mbuzi ndiye aliyekuwa akipeleka zawadi majumbani. Kwa hiyo kila mwaka, Jumapili ya kwanza ya Majilio, mji huu unazindua beberu wa mabua katika uwanja wa Slottstorget. Anaitwa Gävlebocken. Urefu wake mita 13, uzito zaidi ya tani 3, mifupa ya mbao, mwili wa mabua, na utepe mwekundu shingoni. Beberu hasa, mwenye pembe zilizopinda, si yule wa hotuba za Mei Mosi. Wafanyabiashara na manispaa wanatoa fedha, viongozi wanahutubia, watoto wanaimba, baridi inauma masikio, kisha mji mzima unakaa kusubiri nani atamchoma.

Maana huchomwa. Wa kwanza alijengwa mwaka 1966, kwa wazo la mtu wa matangazo ya biashara aliyeitwa Stig Gavlén, ili kuvuta wateja kwenye maduka ya upande ule wa mji. Alisimama Desemba nzima kwa heshima zake. Usiku wa kuamkia mwaka mpya, saa sita, akawaka moto. Tangu siku hiyo kuna wanaojenga na kuna wanaochoma, na nadhani wengine wako kote kuwili. Zaidi ya mara 30 ameteketea au kuharibiwa. Mwaka 1976 aligongwa na gari. Mwaka 2005 walikuja watu wamevaa kama Baba Krismasi na kama biskuti ya tangawizi, na inasemekana walimpiga mshale wa moto. Mwaka 2016, mji ulipoadhimisha miaka 50 ya mbuzi wake, hakumaliza hata siku moja. Wamejaribu walinzi, uzio, kamera na dawa ya kuzuia moto. Dawa hiyo walipata kuiacha kwa sababu ilimfanya mbuzi aonekane hudhurungi na mchafu. Afadhali afe msafi.

Shangazi, kuna kisa cha Mmarekani nitakachokusimulia ucheke. Mwaka 2001 mgeni kutoka Cleveland aliambiwa na rafiki zake kwamba kumchoma mbuzi ni mila halali ya mji. Akamchoma. Akabaki pale pale akitazama, mpaka polisi wakamkuta. Alikaa ndani siku 18 na akaamriwa alipe kronor 100,000, bei ya gari la mtumba hapo kwetu. Mahakama ikamnyang'anya na kiberiti chake cha gesi, kwa hoja kwamba ni wazi hawezi kukitumia vizuri. Haki imetendeka.

Halafu mwaka 2023 moto haukuhitajika. Kiangazi kilikuwa cha mvua, mabua yakaja na punje nyingi kuliko kawaida, na ndege wa jamii ya kunguru wakamvamia mbuzi wakamdonoa hadi mbao zikaonekana. Serikali ina sheria ya kumshika mchomaji, lakini kunguru unamshtaki wapi?

Niliwahi kumuuliza jirani yangu kwa nini wasijenge mbuzi wa chuma, wapumzike. Akanitazama kana kwamba nimetukana mama yake. Watu hawa, Shangazi, wanavaa rangi nyeusi, basi likichelewa dakika mbili wanaumwa, ila mara moja kwa mwaka wanachangia kitu wanachojua kitakwenda na moto. Hata sisi wenye kitchen pati hatujafika huko.

Kuhusu sikukuu nyingine sitawachosha. Tarehe 13 Desemba ni siku ya Lucia: mabinti wanavaa kanzu nyeupe na mkanda mwekundu, mmoja wao anabeba taji la mishumaa kichwani, wanaimba hospitalini na kwa wazee. Siku hizi mishumaa mingi ni ya betri, Alhamdulillahi. Na tarehe 24, saa tisa alasiri, taifa zima linakaa kumtazama Bata Donald kwenye televisheni. Kipindi ni kile kile tangu mwaka 1960. Wanajua kila neno na wanacheka kabla kichekesho hakijafika.

Sasa tufike kwenye jambo la fedha, ambalo najua ndilo mnalolisubiri.

Desemba huku ni mwezi wa kutoa. Ukipita mtaa wa maduka utamkuta mama wa Jeshi la Wokovu amesimama kwenye theluji pembeni ya chungu kinachoning'inia kwenye miguu mitatu. Hapigi kelele, hakufuati. Na usimtafutie sarafu, kwa sababu sarafu huku zimekuwa adimu. Pembeni ya chungu kuna namba ya Swish, unatuma kwa simu na kwenda zako. Wenyeji wanajivunia Swish yao kana kwamba wao ndio wa kwanza duniani. Nimewaeleza kwa upole kwamba ilianza mwaka 2012, na kwamba Wakenya walikuwa wakitumiana M-Pesa tangu 2007. Wanasema "jaså", maana yake wamesikia na hawataki kuendelea.

Kinachonishinda ni ukimya. Kazini kwetu bahasha ya mchango ilizunguka mezani, kila mtu akaipokea, akageukia ukutani akaweka kitu, akaipitisha. Nikauliza nani katoa ngapi. Chumba kizima kikaacha kutafuna. Hakuna mshereheshaji wa kutangaza "familia ya fulani, laki mbili!", hakuna vigelegele, hakuna anayepandishiwa dau mbele ya wakwe hadi atoe alichokuwa amekiweka kwa ajili ya ada. Mtu anaweza kutoa mshahara wa mwezi na jirani yake asijue mpaka kiama. Kwa dini ni jambo jema, mkono wa kushoto usijue. Kwa kukusanya fedha, mimi naona wanapoteza.

Na ushahidi ninao. Kila Desemba, tangu mwaka 2008, redio yao ya taifa huwafungia watangazaji watatu ndani ya nyumba ya vioo katikati ya mji fulani, saa 144 mfululizo, wakipiga nyimbo ambazo wasikilizaji wanazilipia kwa ajili ya msaada. Jina lake Musikhjälpen. Mji hubadilika: walikuwa Västerås mwaka 2019, Borås 2023, Sundsvall 2024. Watu wanajazana nje ya vioo kwenye baridi ya kukata masikio, na humo ndani majina yanasomwa hewani: darasa fulani limeuza keki, kiwanda fulani kimetoa hiki, babu fulani atanyoa ndevu zake mkifikisha kiasi kadhaa. Kelele tupu! Harambee kamili, imekosa ngoma tu. Mwaka 2017 pale Umeå walivuka kronor milioni 70 kwa wiki moja. Kumbe Mswidi naye akitajwa jina mbele ya watu mfuko unafunguka. Wamechukua dawa yetu wakaifungia kwenye kioo.

Lakini sijawaambia kuhusu zawadi yangu. Huku maofisini watu hupeana zawadi kabla ya kufunga kazi, na mwenzangu mmoja, mtu mwema sana, alinipa bahasha nzuri yenye utepe. Nikaifungua. Ndani kuna kadi, na juu ya kadi picha ya mbuzi anatabasamu. Maandishi yanasema: hongera, kwa jina lako mbuzi amepelekwa kwa familia moja Afrika Mashariki.

Nikaisoma tena. Mimi, mtu wa Tanga, niliyekuwa nikijificha chooni nisichunge mbuzi wa Mjomba, nimevuka bahari mpaka huku kwenye barafu nipewe zawadi ya mbuzi, na mbuzi mwenyewe yuko huko kwenu! Nikamuuliza mwenzangu, ana rangi gani? Hajui. Jike au dume? Hajui. Nikamwambia kwetu hata wa kukopa tunamwangalia meno kwanza. Akacheka, kisha akaona aibu, nikamkumbatia yaishe. Kwa hiyo kama kuna mtu hapo mtaani kapokea mbuzi asiyejulikana ametoka kwa nani, tafadhali ajue ana mwenyewe.

Ila nyuma ya kadi ile nilikuta jambo la maana. Kulikuwa na namba ya akaunti inayoanza na 90. Huku shirika likitaka kuomba umma fedha na kuaminiwa, linaomba akaunti ya namna hiyo, na kuna chombo cha ukaguzi, Svensk Insamlingskontroll, kinacholichungulia kila mwaka. Angalau asilimia 75 ya mapato lazima iende kwenye kazi yenyewe. Chai, mabango, mishahara na safari za mwenyekiti vyote vibanane kwenye 25 iliyobaki. Anayekiuka hunyang'anywa akaunti. Hata namba ya Swish kwenye chungu cha yule mama ina 90 hiyo ndani yake, na jirani yangu huitazama kwanza ndipo atume. Haulizi nani katoa ngapi. Anauliza zimekwenda wapi. Sisi ni kinyume: aliyetoa elfu tano tunamkumbuka miaka kumi, lakini zilikokwenda ni siri ya kamati.

Mjomba, hapo sasa, usiinuke kwenda kuswali, adhana bado. Wewe ulisoma Kibaha, na hukuchoka kutusimulia mabweni yake na maabara yake. Kituo kile cha elimu kilitokana na makubaliano ya mwaka 1963 kati ya Tanganyika na Sweden, Norway, Denmark na Finland. Kodi za mababu wa hawa wanaojenga mbuzi wa mabua zimo kwenye matofali yale. Umekula mkononi mwao, basi na tabia yao ya hesabu ungeichukua.

Mchango wa kisima mnaoniomba nimeusikia, na ujumbe wa sauti nimeupata, wote, pamoja na ule uliotumwa usiku wa manane. Nitatoa, na natoa kwa furaha. Mkipenda nitajeni jina mbele ya watu, mimi sijawa Mswidi kiasi hicho. Lakini safari hii Mjomba kama mweka hazina aniandikie karatasi moja tu: mwaka jana tulichanga ngapi, bomba lilinunuliwa kwa ngapi, fundi alilipwa ngapi, na ile pampu iliyopigwa picha siku ya kukabidhiwa iko wapi sasa. Apige picha karatasi hiyo anitumie. Ikifika kabla ya mwaka mpya, fedha itaingia siku hiyo hiyo. Isipofika, namba ya Shangazi ninayo, na nitamtumia yeye.