Mtumbwi Kwenye Begi

Mwaka 1905 mwanafunzi mmoja wa Munich, Alfred Heurich, alibuni mtumbwi wa mbavu za mianzi na ngozi ya turubai, unaofumuliwa ukaingia begini. Miaka miwili baadaye Johannes Klepper, fundi cherehani wa Rosenheim, alinunua haki ya kuutengeneza, na tangu hapo watu wameaminishwa kwamba taabu ya kusafirisha mtumbwi imekwisha. Mimi nakataa. Kukunja mtumbwi hakuupunguzi. Urefu unageuka uzito, uzito unageuka vipande, na vipande hatimaye vinamwelemea abiria aliyebanwa nyuma ya pikipiki, akiwa amekunjwa yeye kuliko mtumbwi wake. Atakayebisha asinipeleke Munich. Twende naye Butembo, mji wa mashariki ya Kongo ulio juu ya mita 1,700, tushike ile barabara ya kilomita mia moja hivi inayopita Njiapanda na kuzama katika msitu wa Bapere hadi Manguredjipa.

Kwenye barabara hiyo, chombo kidogo cha usafiri ni pikipiki. Na pikipiki yenyewe haina hofu na kitu kisichokunjika. Motari, yaani dereva wa pikipiki wa huko, hubeba bidoo za mawese, magunia ya kakao, mbao, kreti za bia, godoro, mlango, nguruwe aliyefungwa miguu, hata jeneza na mwenyewe ndani. (Dhahabu peke yake ndiyo hupanda kwenda Butembo bila kumnyima mtu nafasi, nayo haidai kukunjwa, inadai mfuko usiotoboka.) Tuuchukue mlango. Mlango haukunjiki, una pande nne na kona nne, na motari akiutazama mara moja tu anajua kichwa kikae wapi na mpira wa kufungia upite wapi. Sasa mletee kayaki ya Klepper ya watu wawili. Ikiwa wazi ina mita 5.2, ikikunjwa ni kilo thelathini na zaidi ndani ya mabegi mawili au matatu yasiyo na kichwa wala miguu. Kila begi linataka mpira wake. Kila mpira ukilegea, begi linateleza upande wa bomba la moshi, na turubai likigusa moto halina mjadala. Mlango ukianguka matopeni unaokotwa. Begi likipasuka, mtu anaanza kuhesabu mbavu.

Ushahidi wa zamani ninao, tena wa jirani. Henry Morton Stanley alizipenda mashua za vipande kama wengine wanavyopenda tumbaku. Mojawapo, Lady Alice, ilijengwa Uingereza kwa vipande vitano. Ilipofika Zanzibar mwaka 1874 ikaonekana vipande ni vizito kupita bega la mtu, ikabidi fundi avikate upya. Hakukoma. Mwaka 1887 akaingia msitu wa Ituri, kaskazini ya huko kwetu, na mashua ya chuma iitwayo Advance, vipande kumi na viwili, kila kimoja kilo thelathini na kitu. Mtoni mashua iliwabeba watu, na wagonjwa waliishukuru. Kwenye maporomoko na nchi kavu watu waliibeba mashua, na hao walikuwa wapagazi kutoka Zanzibar waliokuwa wakifa njaa. Wapagazi wenye nguvu walipopungua, mashua ikaachwa Ipoto. Desemba msafara ukafika Ziwa Albert. Ziwa lipo, maji yapo, mashua iko msituni! Wakarudi nyuma, wakajenga ngome, wakatuma watu kwenda kuichukua, na Aprili 1888 ndipo ikaelea ziwani. Miezi minne kufuata kitu kilichotengenezwa ili kisimcheleweshe mtu.

Atatokea wa kuniambia kwamba huo ulikuwa wakati wa mabega, leo kuna magurudumu. Hoja nzuri, ila haijasafiri msimu wa mvua. Gari linaloingia kwenye tope la njia ya Manguredjipa linakoma kuwa gari. Linakuwa shehena inayosukumwa na vijana wenye majembe, kwa malipo, huku dereva akishika usukani kama mtu anayeongoza maziko. Kwa hiyo wapagazi hawakuondoka. Walibadilisha tu mzigo, na juu ya mzigo huo sasa mnataka kuwaongezea mashua. Mwingine atasema kuna kayaki mpya za plastiki zinazokunjwa kama karatasi, nyepesi kuliko mtoto wa darasa la kwanza. Nakubali uzito. Lakini sanduku pana na jepesi nyuma ya pikipiki ni tanga, na motari hakusomea ubaharia. Tena, yeyote aliyewahi kufungua neti ya mbu mpya anajua kwamba kiwandani hukunja kwa mkono ambao hawauzi pamoja na bidhaa. Wajerumani wenyewe walilijua hilo: meli Graf von Götzen waliisafirisha kutoka Papenburg hadi Kigoma ndani ya masanduku takriban 5,000, wakaiunga, wakaishusha majini mwaka 1915, na hakuna aliyethubutu tena kuirudisha masandukuni. Ikazamishwa, ikaibuliwa, ikaitwa Liemba, yote hayo ikiwa nzima.

Sisemi kayaki ya kukunja haifai majini. Mwaka 1956 Hannes Lindemann alivuka Atlantiki ndani ya Klepper kwa siku 72, na heshima yake naitoa. Lakini angalia: Atlantiki haina vizuizi vya barabarani. Njia zetu zinavyo, na kila kizuizi kina mtu mwenye bunduki anayetaka kujua kilichomo begini. Katika nchi iliyochoshwa na vita, mabomba mafupi ya alumini, kitambaa kisichopitisha maji na kasia iliyokatwa vipande viwili ni maelezo marefu. Na askari akiwa amesoma historia, ndiyo kabisa: Desemba 1942 makomando wa Uingereza waliingia bandari ya Bordeaux kwa mitumbwi ya kukunjwa, wakatega mabomu kwenye meli. Mwenye mlango haulizwi kitu. Mlango ni mlango.

Swali linalobaki ni kwa nini mtu abebe mtumbwi kabisa. Wavuvi wa Kyavinyonge na Vitshumbi, kule Ziwa Edward, hawabebi. Mtumbwi wa gogo au wa mbao unangoja majini, samaki ndio wanaopanda pikipiki, na hakuna mtu Butembo aliyewahi kulalamika kwamba mtumbwi haukuja na makayabo, samaki wa chumvi. Watanijibu kwamba mgeni anataka chake, na huenda kwenye mto wa Bapere anaouendea hakuna anayemngoja. Sawa, siwezi kumzuia mtu na mali yake. Ila bei ya kusafirisha hukatwa kwa jina la mzigo kabla ya kilo zake, na mtumbwi juu ya pikipiki hauna bei inayojulikana. Motari ataitunga papo hapo, na ataitunga kwa furaha. Basi ndugu msomaji, ukishuka Butembo na mabegi yako matatu, usitamke neno kayaki. Sema ni kitanda.