Sifa za Kijiti cha Boneti

Mashangingi yamesifiwa, madereva wamesifiwa, hata lami iliyochelewa kufika imepigiwa vigelegele. Kijiti cha boneti hakijasemewa neno jema na mtu yeyote. Na huku Kasulu na Kibondo ndicho kilichopo kazini kila siku. Gari ambalo shokapu zake za boneti zimechoka halikosi kijiti chake, kimelala chini ya kiti cha dereva au nyuma pamoja na jeki. Urefu wake ni mkono mmoja na zaidi kidogo, mara nyingi ni mkaratusi, gamba limeshabanduka na pale kinaposhikwa pamekuwa peusi kwa oili. Kizuri kina panda juu, inayokaa kwenye ubavu wa ndani wa boneti, na ncha ya chini imechongwa mshazari ili ing'ang'anie ukingo wa fremu ya rejeta. Fundi hukichukua bila kukitazama na kukirudisha bila shukrani. Mimi nasema kinastahili heshima kuliko hizo shokapu mpya za bei nafuu zinazoagizwa ili kukifukuza kazi.

Sababu ni kwamba nguvu ya kijiti iko nje na ya shokapu imefichwa. Shokapu ya boneti ni silinda nyembamba iliyojazwa gesi ya naitrojeni kwa shinikizo kubwa, pamoja na mafuta kidogo ya kulainisha sili. Gesi hiyo ndiyo inayousukuma mkono wa chuma utoke nje na kunyanyua boneti. Siku sili inapolika, gesi huvuja polepole, haina sauti wala harufu. Shokapu iliyobakiwa na nusu ya nguvu zake haina tofauti kwa macho na iliyotoka dukani jana. Pengine utaona unyevu wa mafuta kwenye mkono wake, nao wengi huufuta kwa kitambaa wakidhani wanafanya usafi. Kijiti hakimfichi mtu ugonjwa wake. Kikipata ufa, ufa unaonekana. Kikiingiwa na bungua, unga unadondoka kwenye kiganja cha anayekishika.

Nyanda hizi za juu zimekitolea ushahidi wa kutosha. Barabara ya kutoka Kasulu kupita Kibondo hadi Nyakanazi iliwatesa watu kwa miongo kadhaa ikiwa ya udongo mwekundu, kiangazi vumbi na masika tope. Boneti ikifunguliwa, ule mkono wa chuma hubaki wazi na vumbi huganda kwenye utando wake wa mafuta; ikifungwa, mkono huingia nalo kwenye sili. Kisha kuna baridi. Shinikizo la gesi hushuka kwa takriban asilimia 1 kwa kila nyuzi 3 za joto zinazopungua. Shokapu iliyochoka, ambayo saa nane mchana imeshika boneti vizuri injini ikiwa ya moto, alfajiri ya Julai inaweza kuikosa asilimia 5 ile ile iliyokuwa inaiokoa. Ndiyo maana mwenye gari huapa kwamba jana ilikuwa nzima, na jana ilikuwa nzima kweli. Atakayejibu kwamba lami imekuja na vumbi linakwisha, ajue kwamba magari yetu mengi ni mitumba ya Japani na shokapu zake mara nyingi zina umri wa gari lenyewe. Mpira wa sili huzeeka hata juu ya lami.

Basi si ununue mpya? Hapo ndipo kijiti kinapopata utetezi wake mkubwa. Chukua boneti ya kilo 20. Kijiti kikiwekwa ukingoni mbele hubeba takriban kilo 10 tu, nyingine zinabebwa na bawaba. Shokapu imefungwa karibu na bawaba, tena kwa mshazari, kwa hiyo inalazimika kusukuma kwa nguvu mara kadhaa ya hizo. Kiasi cha nguvu hiyo huandikwa kwenye silinda kwa nyutoni, na ndicho kinachotofautisha shokapu mbili zenye urefu mmoja. Sasa muuzaji yuko Kariakoo, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapa, anaulizwa kwa simu. Anapima urefu, anaangalia vichwa vya kufungia, anapakia kwenye basi. Namba ya nyutoni haimo kwenye mazungumzo. Ikiwa ndogo, boneti inashuka yenyewe kama zamani. Ikizidi, boneti hugoma kufunga sawasawa na bati lake huanza kupinda karibu na bawaba. Na yule anayebana matumizi kwa kubadilisha shokapu moja na kuiacha mbovu upande wa pili, boneti yake itanyanyuka imepinda shingo. Zipo shokapu nzuri zisizo na jina la mtengeneza gari, sikatai. Lakini ubora wake nao uko ndani ya silinda, na tumerudi kule kule.

Pingamizi zito zaidi ni la usalama. Kijiti huteleza, upepo ukivuma au kiwiko kikikigonga, boneti humshukia fundi kisogoni. Ni kweli kabisa, na kwa sababu hiyo kila anayeinama chini ya kijiti huinama kwa adabu, akijua kilichoko juu yake. Chini ya shokapu mtu hulala usingizi wa mchana. Wapo waliojipandisha cheo wakaacha mti na kutumia kipande cha nondo. Nondo ikiteleza ikagusa kichwa cha betri na bodi kwa pamoja, inapiga shoti. Mti mkavu hauna tabia hiyo. Kosa moja tu siwezi kulitetea: kijiti kikisahauliwa ndani ya chumba cha injini, kinaweza kuiangukia feni, na hapo kitakuwa na mengi ya kujibu.

Wengine wanaona aibu. Gari la heshima, wanasema, halishikwi na kuni. Waende wakaangalie Land Cruiser za mfululizo wa 70, hizi tunazoziita mkonga, zilizoanza kutengenezwa 1984 na zinazopishana kwenye njia za kambi ya Nyarugusu, huko Kasulu, tangu ifunguliwe 1996. Boneti yake hushikwa na fimbo ya chuma inayochomekwa kwenye tundu, na imetoka kiwandani hivyo. Toyota walipounda gari la kwenda kusiko na gereji, walilipa kijiti. Shokapu za gesi waliliwekea shangingi la bosi, VX, na likizeeka ndilo linaloombewa mkaratusi. Tena ipo mbinu ya mafundi ya kuvisha kipande cha bomba la plastiki kwenye mkono wa shokapu iliyochoka ili usirudi ndani. Yaani shokapu, uzeeni, hupewa kazi ya kijiti. Hata kustaafu kwao hakulingani. Kijiti kikivunjika kinapika chai, lakini shokapu ikitupwa motoni inaweza kulipuka.

Kwa aliyekwisha kuagiza, siwezi kumzuia. Aagize mbili, alinganishe nyutoni na za zamani, azifunge mkono wa chuma ukielekea chini boneti ikiwa imefungwa, ili mafuta yabaki kwenye sili. Ila kijiti asikirushe jalalani mapema, maana shokapu za zamani zikishafunguliwa na mpya bado ziko kwenye karatasi, boneti itahitaji kushikwa na kitu.