Jeanne kwa Jeanne: Vita vya Bretagne, Kutoka Namba 5 Hadi 1

Aprili 1341, Duki Jean wa Tatu wa Bretagne alifariki. Alioa mara tatu, mtoto hakuna. Wakabaki wawili wakivutana: Jean de Montfort, ndugu yake wa baba mmoja, na Jeanne de Penthièvre, binti wa ndugu yake wa tumbo moja, mkewe Charles de Blois. Mvutano ukala zaidi ya miaka 20.

5. Thelathini kwa thelathini. Machi 1351, kati ya Josselin na Ploërmel, watu 30 wa kila upande walipigana kwa miadi. Sifa walivuna tele. Vita havikusogea hata shubiri.

4. Mbio za hazina. Montfort hakungoja matanga yaishe. Aliwahi Nantes, kisha mbio hadi Limoges kubeba mali ya marehemu. Machozi baadaye, askari wanataka mshahara!

3. Wafalme wasahaulifu. Philippe wa Sita wa Ufaransa alikalia kiti kwa hoja kwamba taji halipiti kwa wanawake. Lakini huko Bretagne akamtetea mwanamke, maana Charles ni mpwa wake. Edward wa Tatu wa Uingereza, aliyeidai Ufaransa kupitia mamaye, akasimama na Montfort. Mabwana, si mngebadilishana tu hotuba?

2. Auray, 29 Septemba 1364. Charles, aliyewahi kutekwa 1347 na kuachiwa kwa fidia nono, safari hii aliuawa. Jemadari wake, Bertrand du Guesclin, akatekwa. Mwaka uliofuata, mkataba wa Guérande ukampa kiti Jean, mwana wa Montfort. Jeanne de Penthièvre alipoteza mume na Bretagne kwa mpigo.

1. Hennebont, 1342. Hapa ndipo ninapovua kofia. Montfort yuko kifungoni Louvre, mwana bado mdogo, mji umezingirwa. Mwandishi wa tarehe Jean Froissart anasimulia kwamba mke wa Montfort, Jeanne de Flandre, alivaa deraya, akapanda farasi, akawahimiza wanawake wapeleke mawe ukutani. Alipoona maadui wameacha mahema bila ulinzi ili washambulie ukuta, alitoka na wapanda farasi akayachoma moto. Chakula cha mchana kiliungua siku hiyo! Mji ukashikilia mpaka meli za Waingereza zikafika.

Mwaka uliofuata alikwenda Uingereza, na huko akawekwa chini ya ulinzi katika ngome ya Tickhill. Mwanawe alipotambuliwa kuwa duki, 1365, mama alikuwa angali hai, angali mikononi mwa walinzi. Bila yeye kiti hicho kingepotea mapema sana. Edward alipaswa kumrudisha Bretagne, na mwanawe alipaswa kumdai.