Seti ya Uru

Usiku mmoja wa Ramadhani, baada ya tarawehe, umeme ulikatika nyumbani kwetu Mkunazini. Tukawasha kandili, tukatandika mkeka, tukakaa wanne kucheza karata, mchezo wa wahedi-u-sitini. Mimi na shangazi upande mmoja, mama na shemeji upande wa pili.

Mchezo huu ni hesabu. Ree ina alama 11, seti 10. Karata za picha, yaani mzungu wa nne, wa tatu na wa pili, hutaja thamani yao kwa majina yao. Zilizobaki ni magarasa. Jumla ni 120, hivyo anayefika 61 ameshinda. Turufu, kopa na uru ni maneno yaliyotoka kwa Wareno. Wao walipokonywa Ngome ya Yesu kule Mombasa mwaka 1698, lakini majina ya karata yakabaki barazani petu.

Nilikuwa na ree ya pau, nikataka shangazi ajue. Nikakohoa. Shangazi akatoa seti ya uru, mama akaila kwa ree: 21 zikaenda kwa mkupuo. Mwisho tulihesabu 59. Tulipungukiwa na mzungu wa pili mmoja.

"Seti hutolewa hivyo, shangazi?" nikafoka, nikazibwaga karata. Mkono ukapiga jagi, sharubati ya ukwaju ikamwagika juu ya karata, mkeka na tambi za daku.

Shangazi hakujibu. Alizifuta karata moja moja kwa upindo wa kanga, akazianika dirishani. Wakati wa daku ndipo aliponiambia, "Mwanangu, ulikohoa. Nikajua ree ya uru unayo wewe."

Nilikosa la kusema. Nilitaka kuwaibia mama na shemeji kwa kikohozi, kisha nikamkaripia aliyeniamini.

Kulipokucha, seti ya uru ilikuwa na doa mgongoni, inajulikana hata ikifunikwa. Karata kama hizo hazichezeki tena. Nikaenda Darajani kununua nyingine, nikawaomba radhi wote watatu.

Shangazi alinifundisha upya: kukumbuka ree zilizokwisha kutoka, kuweka karata polepole, kutomwashiria mwenzangu, kutomlaumu tukifungwa.

Kabla ya Idi tulicheza tena. Shangazi akatoa seti ya shupaza. Ree ilikuwa haijatoka, na mimi sikuwa nayo. Zamu yangu ilipofika nikaweka garasa taratibu, nikamngoja shemeji acheze.