Jinsi ya Kujitia Presha kwa Herufi Mbili

Kwanza, usilale. Mayai yako yalivunwa jana ili mimba itungwe nje ya mwili (IVF), maabara itapiga simu asubuhi, na kazi yako ni kushika simu tangu alfajiri. Saa 16 hadi 18 baada ya yai na mbegu kukutanishwa, wataangalia kama ndani ya yai vimeonekana viini viwili, cha mama na cha baba. Wakisema mayai yalikuwa 12, yaliyokomaa 9, yaliyorutubika 7, anza kulia hapo hapo. Usiulize kama upungufu huo ni wa kawaida. Utaambiwa ni wa kawaida, na kilio kitakosa sababu.

Siku ya tatu yai lililorutubika, ambalo sasa ni kiinitete, hutazamiwa kuwa na seli 8 hivi. Chako kina 6? Laumu ukoo wa mume.

Uhondo wenyewe uko siku ya tano. Hapo utaletewa kitu kama 4BB, na kwa kuwa sote tumepita shule, hutahitaji maelezo: hayo ni matokeo ya kidato cha nne, na mtoto hajafaulu vizuri. Usimruhusu mtaalamu akuharibie huzuni kwa kukueleza kwamba mfumo huu, ulioandikwa na Gardner na Schoolcraft mwaka 1999, husema mambo matatu tu. Namba, 1 hadi 6, ni kiasi ambacho kiinitete kimetanuka: kwenye 4 kimevimba na ganda lake limekuwa jembamba, kwenye 5 kinaanza kuchungulia nje, kwenye 6 kimeshatoka. Herufi ya kwanza ni ya lile fungu la seli za ndani litakalokuwa mtoto. Ya pili ni ya seli za nje zitakazotengeneza kondo. Fungu likiwa limeshikamana na lina seli nyingi, hupewa A. Likilegea kidogo, B. Seli zikiwa za kuhesabika, C. BB hurudishwa tumboni na kugandishwa kila siku, na wapo watoto waliotokana na C.

Wala usijue kwamba mtaalamu mwingine akiinamia hadubini ile ile anaweza kuandika herufi nyingine, au kwamba kiinitete kilichokuwa 3 asubuhi huenda jioni kikawa 4, kwa sababu kiko hai na kinakua. Kazi kubwa ya alama hizi ni kupanga foleni ya ndugu: nani atangulie, nani asubiri kwenye barafu. (Louise Brown, mtoto wa kwanza duniani wa IVF, aliyezaliwa Oldham, Uingereza, Julai 1978, alirudishwa kwa mama yake akiwa seli 8, miaka 21 kabla ya herufi hizi. Usimtaje mbele ya shangazi. Atakosa la kusema.)

Ukipata 5AA, tangaza. Umri wa yai usiutazame kabisa, ingawa ndio wenye kauli kubwa: kiinitete cha mwanamke wa miaka 43 kinaweza kupendeza kuliko vyote maabarani na bado kiwe na kromosomu pungufu au zilizozidi, na hadubini haioni kromosomu.

Basi lipia kipimo cha kromosomu. Huchukuliwa seli 5 hivi kutoka upande wa kondo, nawe uamini zimeapa kumsemea mtoto. Jibu likirudi mchanganyiko, seli nyingine nzima na nyingine zina kasoro, amuru kiinitete kitupwe upesi, kabla hujasikia kwamba mwaka 2015 madaktari wa Italia waliripoti watoto wenye afya waliotokana na viinitete vya aina hiyo. Ongeza na inkubeta yenye kamera. Utafiti mkubwa wa Uingereza na Hong Kong uliotoka 2024 haukuona kuwa kamera hizo zinaongeza watoto wanaozaliwa, lakini video ni nzuri, na mama mkwe ataona pua ya ukoo kwenye seli mia moja.

Kiinitete kikisharudishwa, utaambiwa usubiri kipimo cha damu. Usisubiri. Nunua vipimo vya mkojo vya wiki nzima na uanze kesho yake. Ile sindano ya kuivisha mayai uliyodungwa kabla ya kuvunwa mara nyingi ni homoni ile ile ambayo kipimo huitafuta, na inaweza kubaki mwilini zaidi ya wiki. Utapata mistari miwili safi bila mimba yoyote. Siku chache baadaye mstari wa pili utafifia sindano ikiisha, nawe utakuwa umeshampigia shangazi.